Namba imesuguliwa, bei ni ya kutupa: ninunue fremu hii?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa makamo, nina mke na watoto, na kwa miaka mingi baiskeli ndiyo miguu yangu. Naenda nayo kazini, narudi nayo, na siku za mapumziko natoka nayo mbali na wenzangu. Majuzi fremu yangu, ambayo ni ya alumini, imepata ufa pale chini mabomba yanapokutana, karibu na eksel ya pedali. Fundi wangu aliitazama akatikisa kichwa. Alisema alumini ukiichomelea, sehemu iliyopata moto hupoteza nguvu isipopitishwa tena kwenye tanuru, na yeye tanuru hana. Basi natafuta fremu nyingine. Magurudumu, gia, breki na usukani ninavyo, na vyote ni vizima.

Shida ni urefu wangu. Mimi ni mrefu kuliko kawaida na fremu za saizi yangu hazipatikani ovyo. Nimezunguka, nimeuliza, nimepekua matangazo mpaka macho yakauma. Kisha nikaiona moja: fremu ya chuma pamoja na uma wake, ule unaoshika gurudumu la mbele, ya zamani, ya mabomba ya Reynolds 531, chuma kinachosifika kwa wepesi na nguvu, saizi yangu hasa. Anayeiuza ni kijana, na bei yake ni kama theluthi ya wanayotaka wengine kwa kitu cha aina hiyo.

Nikaenda kuiona. Imepakwa rangi nyeusi kwa brashi, na hapa na pale unaona buluu ya zamani ikichungulia. Vibandiko vyote vimekwisha isipokuwa kile cha 531, ambacho rangi imekizunguka. Nikaigeuza nitafute namba yake ya utambulisho. Ipo chini, penye eksel, lakini imesuguliwa. Tarakimu tatu za mwisho tu ndizo zinazosomeka. Nikamuuliza, akasema palikuwa na kutu akapasugua. Mimi kwingineko sikuona kutu. Kwenye simu alikuwa ameniambia fremu ni ya mjomba wake aliyehamia nje ya nchi. Tulipoonana akasema aliipata kwa rafiki yake aliyekuwa na deni lake. Huenda yote mawili ni kweli, sijui.

Hakunisukuma, lakini. Aliniacha nipime nitakavyo, akasema wapo wengine wanaoitaka ila atanishikia hadi Jumamosi. Ana adabu. Viatu vyake vimechanika. Nilipoondoka nilijiona kama polisi niliyekwenda kumpekua mtoto wa watu.

Mke wangu anasema najitafutia maradhi. "Wewe usiponunua, atanunua mwingine, na wewe utaendelea kupanda mabasi." Mwenzangu mmoja wa safari zetu, ambaye baiskeli yake iliibwa akiwa ameifunga kwa mnyororo, nilipomwonyesha picha alinyamaza kabisa, halafu akasema, "Fanya unavyoona." Maneno hayo yamenikaa rohoni kuliko ya mke wangu.

Shangazi, kama sijui kwa hakika kwamba ni ya wizi, nina hatia gani nikiinunua? Nimefikiria pia niinunue kisha nimtafute mwenyewe, nikimpata nimrudishie, nisipompata iwe yangu. Au niende nikaripoti? Namwonea huruma yule kijana, na huenda hana kosa lolote. Lakini kuendesha kitu cha haramu kila asubuhi sitaki.

Mimi,
Mrefu Asiye na Fremu

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa ufa huo. Fundi wako mshike sana. Wanaokubali kupoteza kazi kuliko kukudanganya si wengi.

Nilivyokuelewa ni hivi. Umepata kitu unachokihitaji, kwa bei unayoimudu, kutoka kwa mtu uliyempenda, na bado kila ukikitazama unaona alama usizojua uzisomeje. Unaniuliza kama kununua katika hali hiyo ni kosa. Mimi nahisi chini ya swali hilo kuna jingine ambalo hukuliandika: kama unaruhusiwa kuacha kuulizauliza. Nitalifikia. Kwanza tuzitazame hizo alama, maana umezifunga pamoja kana kwamba zina uzito mmoja, na hazina.

Fremu kuuzwa tupu, bila magurudumu wala gia, hakusemi kitu. Ni kweli wezi huchambua baiskeli, kwa sababu namba huwa kwenye fremu na vipuri vingi havina namba. Lakini na wewe ukipata fremu utahamishia vipuri vyako vya sasa, kama wanavyofanya maelfu ya waungwana, wakauza fremu iliyobaki. Kukosa risiti nako si ajabu. Mabomba ya 531 yameanza kuuzwa mwaka 1935, na fremu ya aina hiyo huenda imepita mikononi mwa watu wengi kabla kijana huyo hajazaliwa. Rangi ya brashi? Chuma hupakwa rangi. Ila rangi nzito huficha mambo, kwa hiyo pitisha kidole chini ya lile bomba la chini, nyuma kidogo ya shingo ya usukani. Fremu iliyogongwa kwa mbele mara nyingi huacha uvimbe hapo. Hilo halihusu dhamira yako, linahusu meno yako.

Bei ndiyo inayonisumbua, na si kwa sababu ni ndogo. Wanunuzi warefu kama wewe ni wachache, na mtu asiyejua alichonacho huuza kwa bei ya chuma chakavu. Hayo yangenitosha. Lakini umesema aliipaka rangi fremu nzima akakwepa kibandiko cha 531. Basi anajua kwamba kibandiko kile ni fedha. Ikiwa anajua, kwa nini bei yake ni ya mtu asiyejua? Huenda ana njaa, na mwenye njaa huuza haraka. Huenda hivyo tu. Ni swali ninaloliweka mbele yako, na anayeweza kulijibu ni yeye.

Sasa namba. Hapa kijana anastahili kusikilizwa kuliko ulivyomsikiliza. Katika fremu ya chuma, mahali pa eksel ya pedali ndipo maji hukusanyika. Yanashuka ndani ya mabomba na kutuama, na kwa nje tope la barabarani hurukia papo hapo. Fremu inaweza kuwa safi kote na kutu ikawa hapo tu. Kwa hiyo maneno yake si ya kipuuzi. Lakini kuondoa kutu na kuondoa namba haviachi alama sawa. Anayepambana na kutu husugua eneo zima kwa msasa au brashi ya waya, na chuma hubaki na umbo lake la mviringo. Anayefuta namba hutumia tupa palepale penye tarakimu, na huacha bapa. Pitisha kidole uone. Kisha tazama ile buluu ya zamani. Ikiwa chini ya rangi nyeusi, juu ya sehemu iliyosuguliwa, kuna buluu, basi mkono uliosugua ni wa zamani sana, na ingawa huenda fremu iliwahi kuibwa, kijana hakuifuta yeye. Lakini hapo pia maneno yake ya kutu yatakuwa yameanguka, kwani amekwambia kazi hiyo ni yake.

Na kuna mahali ambapo huenda hukutazama. Umesema uma unauzwa pamoja na fremu. Watengenezaji wengi wa zamani, hasa wa Uingereza, walikuwa wakigonga namba ileile kwenye bomba la uma, lile linalopita ndani ya shingo ya usukani, ambalo halionekani mpaka uma uchomolewe. Mwombe auchomoe. Ukikuta namba nzima, na tarakimu zake tatu za mwisho zikalingana na zile zilizobaki chini, utakuwa na namba ya kutafutia. Namna atakavyolipokea ombi hilo pia itakuambia jambo, ingawa usiipe uzito wote; mtu mwaminifu naye huchoka kupekuliwa.

Ukiipata namba, itafute kwenye daftari za baiskeli zilizoibwa. Bike Index, ya Marekani, ilianza mwaka 2013 na mtu yeyote anaweza kutafuta humo bila malipo. Uingereza kuna BikeRegister. Huko Ufaransa, tangu mwaka 2021 sheria imewataka wauzaji waziwekee alama ya utambulisho baiskeli mpya kabla hazijauzwa, ingawa kwa fremu ya umri huu hilo halikusaidii. Jaribu sifuri mahali pa herufi O, na moja mahali pa herufi I, maana tarakimu zilizogongwa kwa nyundo hudanganya macho. Uliza pia polisi wa kwenu kama wana orodha. Lakini elewa unachokipata. Ikionekana kwamba iliibwa, umepata jibu. Isipoonekana, hujapata jibu la kinyume chake, kwa kuwa watu wengi hawajawahi kuandika namba ya baiskeli yao popote, na siku inapoibwa hawana cha kuripoti zaidi ya rangi.

Nirudi kwenye swali lako. Umeandika, "Kama sijui kwa hakika, nina hatia gani?" Mwanangu, kutojua kuna namna mbili. Kuna mtu ambaye jambo halikumfikia. Na kuna mtu ambaye jambo lilimfikia mlangoni akaamua asifungue. Barua yako ni ndefu mno kuwa ya mtu wa kwanza.

Sheria nazo zimelitazama hili kwa macho mengi. Katika nchi nyingi kanuni ya msingi ni kwamba mtu hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana, hivyo ukinunua cha wizi, hata bila kujua, mwenye mali anaweza kukidai na wewe ukabaki kumtafuta aliyekuuzia. Kulikuwa na nafuu za ajabu. Uingereza, mpaka mwaka 1994 sheria ilipobadilishwa, aliyenunua kwa nia njema kwenye soko la wazi, kati ya macheo na machweo, aliweza kuwa mmiliki halali hata kama kitu kiliibwa. Ufaransa, aliyeibiwa ana miaka mitatu ya kudai mali yake, na kama mnunuzi aliipata sokoni au kwa mfanyabiashara wa vitu vya aina hiyo, hulazimika kumrudishia bei aliyolipa. Italia huenda mbali zaidi na kumlinda mnunuzi hata kwa kilichoibwa. Lakini angalia kinachohitajika kote huko: nia njema. Hata Italia isingekusaidia wewe, ambaye umeshageuza fremu, umeshaona tarakimu zilizosuguliwa, na umeshaniandikia mimi. Na katika nchi nyingi, kupokea mali huku ukiamini ni ya wizi ni kosa la jinai, mbali kabisa na suala la nani mmiliki. Mwanasheria wa kwenu atakueleza mpaka huo unapita wapi. Mimi si mwanasheria.

Lakini sidhani sheria ndiyo inayokukosesha usingizi, kwa hiyo niseme jambo ninaloliona zito kuliko yote. Sasa hivi huna chochote katika fremu ile. Unaweza kuuliza swali lolote na jibu lolote likaja, likawa ni habari tu. Siku utakayotoa fedha, utakuwa na sababu ya kutaka jibu fulani. Utaanza kuona kwamba bapa si bapa sana, kwamba mjomba na rafiki wanaweza kuwa mtu mmoja, kwamba kutafuta namba kunaweza kusubiri. Si kwa sababu wewe ni mbaya. Ni kwa sababu utakuwa umeipanda, nayo itakuwa saizi yako.

Ndiyo maana mpango wako wa kununua kwanza na kumtafuta mwenyewe baadaye unanitia wasiwasi, ingawa umetoka mahali pazuri. Fedha zitakuwa zimeshamfikia anayeuza. Kitu kitakuwa ndani ya nyumba yako, na polisi wakifika leo hawatasoma nia yako ukutani. Mwenyewe akipatikana hatakuwa na wajibu wa kukurudishia ulicholipa, nawe utalazimika kumpa kwa uso mkunjufu. Akikosekana, ni nani atakayeamua kwamba umetafuta vya kutosha? Wewe, uliye juu ya baiskeli. Kama bado njia hiyo inakuvuta, basi ungeweka masharti kabla ya kulipa. Unaandika mapema utatafuta wapi na kwa muda gani, unamwambia mkeo na yule mwenzako, na fremu haifungwi vipuri mpaka muda uishe. Hata hivyo lile suala la kumlipa muuzaji na la sheria halitoki.

Kuripoti nako kuna pande mbili. Una namba pungufu, maelezo mawili yasiyofanana, na picha za tangazo. Zinatosha kwa polisi kutazama, hazitoshi kwako kumwita mtu mwizi. Ukiipata fremu kwenye orodha ya zilizoibwa, basi kuna mtu mahali fulani anayeitafuta, na kunyamaza kwako kutakuwa kumemnyima. Katika hali hiyo peleka taarifa ulizonazo, na usimkabili kijana wewe mwenyewe. Hujui yuko na nani nyuma yake. Ikiwa namba haikupatikana, uamuzi ni mgumu zaidi, nami sitakubebea. Jiulize tu unaogopa nini hasa. Kumwonea asiye na kosa? Au usumbufu wa kituoni?

Na hapo naomba nikuguse mahali panapouma kidogo. Umetaja viatu vyake vilivyochanika. Umevitaja kwa huruma, na nakuamini. Lakini je, fremu hiihii, yenye namba hiihii, ingeuzwa na mzee mwenye suti na bahasha ya risiti, ungeigeuza kuitazama chini? Na kwa upande wa pili, huruma yako isije ikawa ndiyo inayokufanya umwulize nusu ya maswali. Mtendee kama ungemtendea mzee wa suti. Mwambie wazi: "Naitaka fremu yako. Namba imesuguliwa, na umenieleza mambo mawili tofauti. Nisaidie nielewe." Sema bila mtego na bila kumtolea macho. Watu hufupisha habari zao kwa wageni. Yawezekana fremu ilikuwa ya mjomba, ikabaki kwa rafiki, deni likaja katikati. Muulize kama mjomba au rafiki huyo anaweza kupigiwa simu mkiwa pamoja. Mwombe mwandikiane hati ya mauziano yenye majina, namba za vitambulisho, tarehe, picha za fremu na maelezo ya namba ilivyo. Hati haigeuzi cha wizi kuwa halali. Lakini mwenye mali yake anaweza kusitasita kisha akaandika, na asiye na mali yake huwa na haraka ya ghafla.

Mkeo anasema usiponunua wewe atanunua mwingine. Ni kweli, huenda atanunua. Lakini hilo ni jibu la swali la fremu itakwenda wapi, wewe ulikuwa unauliza utakuwa umefanya nini. Hata hivyo msikilize vizuri, kwani nadhani anazungumzia basi kuliko fremu: nauli, kuchelewa, na mume anayerudi nyumbani amenuna. Hayo ni mambo ya kweli na yanastahili kuzungumzwa yenyewe. Yule mwenzako aliyenyamaza naye, usiyachukue maneno yake kama hukumu. Mwulize. Huenda alikuwa anaikumbuka baiskeli yake tu, na huenda pia anajua fremu nyingine inayouzwa.

Jambo la mwisho, nalo ni la kiufundi. Barua yako nzima imesimama juu ya kwamba ni hii au hakuna. Je, ndivyo? Fremu pungufu kwa saizi moja, ikipewa nguzo ndefu ya siti na kiungo kirefu zaidi cha kushikia usukani, huwafaa warefu wengi, mradi nguzo isivutwe kupita mstari wa mwisho uliochongwa juu yake. Mpelekee fundi wako vipimo vyako kabla ya Jumamosi akuambie ni saizi gani ya chini kabisa unayoweza kuivumilia. Akikupa saizi hiyo, matangazo uliyoyaruka yatarudi kuwa na maana, nawe utakwenda kwa yule kijana ukiwa mtu anayeweza kusema ndiyo, au kusema "hapana, asante, sijaridhika na namba" bila kumtungia sababu nyingine.

Shangazi